Nililipia zege la sentimita 10, nikamwagiwa la 6: uzoefu wangu na mkandarasi wa uwani

Niseme moja kwa moja: kampuni hii siwezi kumpendekezea mtu yeyote anayejenga kwa pesa yake ya jasho. Jina silitaji kwa sababu shauri letu bado liko ofisi ya serikali ya mtaa, lakini kazi yenyewe nitaieleza ilivyokuwa, ili anayetaka kumwaga zege nyumbani kwake ajue pa kutupia jicho.

Tunakaa Goba, Dar es Salaam, upande wa mteremko. Kila masika maji yanashuka kutoka juu, yanapita uwani kwetu na kula udongo hadi karibu na msingi wa nyumba. Tukaamua tumwage zege kuanzia mlango wa jikoni hadi getini, mita 6 kwa 9, gari lipate pa kusimama na maji yapate njia ya kuelekea mtaroni. Fundi wa kijiweni sikumtaka kwa kazi hii. Nilitaka kampuni yenye ankara na mhuri, mtu wa kumshika shati kazi ikiharibika.

Makubaliano yaliandikwa na kusainiwa: shilingi milioni 3.2, vifaa na ufundi vyote juu yao. Mawe na moramu ya kushindiliwa chini, nailoni, wavu wa chuma wa BRC, zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) lenye unene wa sentimita 10, saruji ya 42.5, mteremko wa kuelekea mtaroni, na kijana wa kumwagilia maji kwa siku 7. Malipo yalikuwa asilimia 60 mwanzo, 30 baada ya kumwaga, na 10 baada ya siku 28.

Maandalizi yalinipa moyo. Walifika mapema, wakachimba, wakapanga mawe vizuri na kuyashindilia kwa mashine. Mbao za pembeni zilinyooka. Sehemu hiyo nawapa haki yao.

Mambo yaliharibika siku ya kumwaga. Gari lilishusha mifuko 22 ya saruji, kilo 50 kila mmoja, na ubavuni imeandikwa 32.5. Namba hizo zinaonyesha nguvu ambayo saruji inatakiwa kuifikisha ikipimwa baada ya siku 28, kwa hiyo 32.5 na 42.5 si kitu kimoja, na hata dukani bei zake hazilingani. Halafu hesabu ya mifuko yenyewe ilikataa. Zege la 1:2:4 linakula mifuko sita na kitu kwa kila mita moja ya ujazo. Uwanja wetu kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 5.4, maana yake mifuko kama 35. Nikamuuliza msimamizi. Akanijibu, "Mama, mingine inakuja mchana." Nikampigia mkurugenzi, naye akasema, "Dada yangu, vijana wangu wanaijua hii kazi, usiwe na hofu." Mchana ulifika, mifuko haikufika, na mixa haikusimama.

Kilichoniuma zaidi ni maji. Mfuko mmoja wa saruji unahitaji lita 25 au zaidi kidogo, na ukihesabu unyevu ulio kwenye mchanga yanapungua hata hapo. Wale vijana walikuwa wanamimina ndoo mbili na nusu za lita 20 kwa kila mfuko, kwa sababu zege likilegea linateremka lenyewe kutoka kwenye toroli na kusambaa bila kusumbua mikono. Lilikuwa linatiririka kama uji wa mgonjwa, kokoto zinakwenda chini, rojo jeupe linaelea juu. Nilisimama pale nikawaambia maji yamezidi. Msimamizi akasema jua kali, lazima liwe laini. Maji hayo ya ziada yakishakauka yanaacha vitundu ndani ya zege, na vitundu ndio udhaifu wenyewe. Wavu nao waliulaza moja kwa moja juu ya nailoni bila hata biskuti moja, vile vipande vidogo vya zege vya kuunyanyua. Mmoja wao alikuwa anauvuta kwa koleo pale anapokumbuka, kisha anaukanyaga ukarudi chini.

Kijana wa kumwagilia alikuja kesho yake asubuhi, basi. Tukatandika magunia na kumwagilia wenyewe kwa maji ya boza, ambayo tuliyanunua.

Hata kabla ya siku 28 ukipitisha fagio uwani linaondoka na unga wa saruji. Nyufa zikatokea, mbili zikakatiza uwanja mzima. Najua zege kuwa na vijistari vyembamba juu si ajabu, lakini hizi sarafu ya shilingi mia mbili inasimama ndani yake. Hawakuacha viungio vya kuligawa jamvi la zege vipande vipande, kwa hiyo zege lilipopungua kwa kukauka likajitafutia lenyewe pa kupasukia. Mvua ya kwanza kubwa ilipopiga, maji yalituama mbele ya jikoni na kuingia ndani. Tulikuwa tumetoa pesa yote ile kuyaepuka hayo hayo.

Nilizuia asilimia 40 iliyobaki. Hapo ndipo mkurugenzi, ambaye simu zangu zilikuwa hazimpati, akaanza kupatikana. Alimtuma fundi akapaka niru, yaani uji wa saruji na maji, juu ya nyufa, ikabanduka baada ya gari kupita. Nikatazama upya nakala ya cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi aliyonitumia kwa WhatsApp. Jina la kwenye cheti na jina la kwenye ankara ni kampuni mbili tofauti. Orodha ya waliosajiliwa iko kwenye tovuti ya bodi, yeyote anaweza kuitazama, na kampuni ya kwenye ankara sikuiona.

Mwenyekiti wa mtaa alituita wote wawili. Mkurugenzi akang'ang'ania kwamba unene ni sentimita 10 na kwamba mimi nakwepa deni. Kwa kuwa maji yalikuwa yanaendelea kuingia jikoni, nilimwita fundi mwingine akavunja kipande cha mbele ya mlango, mwenyekiti na mjumbe wakiwepo. Tuliweka tepu kwenye ukingo uliovunjwa: sentimita 6, upande wa ukutani tano na nusu. Wavu ulikuwa umelala chini kabisa, sehemu kubwa haujashikwa na zege, unang'oka kwa mkono. Mjumbe akapiga picha.

Mkandarasi huyu nampa nyota moja kati ya tano, na hiyo ni kwa ajili ya mawe na mbao. Shilingi 1,280,000 bado ninazo, na nimemwandikia barua yenye nakala kwa mwenyekiti: avunje, amwage upya kwa vipimo tulivyosaini, nimlipe yote siku hiyo hiyo zege likishapimwa. Amepewa hadi mwisho wa mwezi. Asipokuja, pesa hiyo inakwenda kwa fundi aliyevunja mbele ya jikoni, ambaye ameshanipa hesabu yake ya mifuko kwa maandishi, na mteremko ameupima kwa pima maji mbele yangu.