Kahawa nyuma ya soko la Majengo: kahawa safi, kashata ngumu, stori za Korea

Kama uko Dom na unapenda kahawa chungu ya dele, nenda jioni jua likipoa. Kikombe mia mbili, tangawizi unawekewa bila kuulizwa. Kahawa ni ya moto kweli, ila kashata siku niliyoenda zilikuwa za jana, zinagoma hata kuvunjika, nikamwambia mzee akacheka tu akaniongezea kikombe bure. Mabenchi machache, na ule upepo wetu mnaujua, funika kikombe na kiganja la sivyo unakunywa vumbi.

Kinachonirudisha pale ni stori. Juzi mada ilikuwa Marekani na Korea Kusini, kuna afande mstaafu ndo mwenyekiti wa kijiwe, dogo mmoja akaropoka eti Wamarekani wako Korea kwa mabavu, weee, akapigwa darasa. Mkataba wao wa kulindana ulisainiwa Oktoba 1953, miezi kama miwili tu baada ya vita ya Korea kusimama, na ilisimama tu, mkataba wa amani hadi leo hakuna. Anayetaka kujitoa anatoa notisi ya mwaka mmoja, basi. Jamaa wa fremu ya simu akadakia "mwaka?? mimi mwenye fremu kanipa mwezi!" tukafa mbavu.

Sasa mimi kilichonishangaza, vita ikilipuka jeshi la Korea linaingia chini ya jenerali wa Kimarekani, mfumo uko hivyo tangu 1978. Yaani Wakorea hawahawa wanaowauzia Poland vifaru vya K2, na anayevitengeneza ni Hyundai Rotem, haohao waliotuletea treni za mchongoko tunazopanda kwenda Dar! Korea kukabidhiwa hiyo amri ya jeshi lake kumeongelewa miaka na miaka, tarehe zinasogezwa tu.

Afande anasema wale askari wa Kimarekani 28,500 hivi hawaendi popote maana jirani wa kaskazini ana nyuklia. Mimi nilimbishia, nikasema shikamoo afande lakini Trump kila akishika madaraka anadai hela zaidi ya ulinzi, na mlinzi wa hivyo mwisho wa siku unaanza kufikiria kufuga mbwa wako. Hakunijibu, akaagiza kahawa nyingine kwa bili yangu.

Nendeni na chenji, mzee hapokei pesa ya simu. Nyota nne, ya tano akileta kashata za leo.