Hansard ya Bunge la Tanzania: inafaa kiasi gani kumpimia mbunge?

Kila uchaguzi ukikaribia huzuka orodha za "wabunge waliochangia zaidi" na "wabunge mabubu". Nyingi hazisemi zimehesabu nini. Chombo kinachoweza kujibu swali hilo kwa haki kipo, hakilipiwi, na karibu chote ni kwa Kiswahili: Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, zinazowekwa kwenye tovuti ya Bunge kikao kwa kikao. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu, ya kujua mbunge amesema nini kwenye mijadala ya sera za ndani kama elimu, maji, afya, kilimo au madini, na aliyoyasema yaliishia wapi. Kwa ukamilifu wa maandishi tunaipa alama ya juu. Kwa utafutaji ni wastani. Kwa kura, ni ya chini kabisa.

Umuhimu wake uliongezeka tangu Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge. Tangu hapo wananchi wengi wanamjua mbunge wao kwa vipande vya video vya dakika moja, na kipande huchaguliwa kwa sababu kina kelele au kicheko. Hansard haichagui. Dakika tulivu ambayo mbunge anauliza kuhusu pampu ya kisima cha kata yake inaandikwa kwa ukamilifu uleule.

Namna ya kuupata mchango

Anza na tarehe, usianze na jina. Hansard zimepangwa kwa Bunge, mkutano na kikao, kwa hiyo lazima ujue kwanza unatafuta wakati gani. Bunge la Tisa ni la 2005 hadi 2010, la Kumi ni 2010 hadi 2015, la Kumi na Moja 2015 hadi 2020, la Kumi na Mbili 2020 hadi 2025. Hotuba za bajeti za wizara husomwa kati ya Aprili na Juni, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Lakini ukitafuta za kabla ya 2013, bajeti ilijadiliwa kuanzia Juni hadi Agosti, na wengi hukosa wanachokitafuta kwa kutolijua hilo. Orodha ya Shughuli ya siku husika, ukiipata, inakuonyesha wizara gani ilikuwa mezani.

Kila kikao ni faili moja la PDF. La siku ya kawaida mara nyingi huzidi kurasa 100, na la siku ya bajeti huweza kuwa refu zaidi sana. Lipakue kwanza kwenye simu au kompyuta, usilisome ndani ya kivinjari, kisha tumia kitafutio. Andika jina moja tu la mbunge, maana mpangilio wa majina hubadilika: Zitto Kabwe, kwa mfano, huweza kuandikwa jina la Kabwe likitangulia na la Zitto likimalizia. Atakayetafuta "Zitto Kabwe" kwa mfuatano huo ataambiwa hakuna kitu na kudhani mtu hakusema lolote.

Kitafutio kitakuletea jina mara nyingi kuliko michango yenyewe, na hapa kuna alama ndogo inayookoa muda. Jina likiwa kwa herufi kubwa, limetanguliwa na "MHE." na kufuatiwa na nukta mbili, hapo mbunge mwenyewe anazungumza. Likiandikwa "Mheshimiwa" kwa herufi za kawaida, ni Spika anamwita au anamwambia ajiandae, au mwenzake anamtaja. Anayehesabu bila kutenganisha haya mawili anampa mbunge michango mingi kuliko aliyotoa.

Tenganisha pia mchango wa mdomo na ule wa maandishi. Kwenye Hansard za bajeti utakuta michango iliyowasilishwa kwa maandishi, na ni halali kabisa, ila haikujibiwa papo hapo na hakuna aliyeisikia ukumbini. Vivyo hivyo maswali. Swali la msingi hupelekwa mapema na Naibu Waziri huja na jibu lililoandaliwa. Swali la nyongeza huulizwa hapohapo, na ndilo linaloonyesha kama mbunge analijua jambo au amesoma karatasi tu. Tukilazimika kuchagua sehemu moja ya kumpimia mtu, tutasoma maswali ya nyongeza kabla ya hotuba zake zote.

Kusoma bila kudanganyika

Soma mchango hadi pale kengele inapolia kuashiria kwisha kwa muda. Dakika ni chache, na katikati huingia TAARIFA, KUHUSU UTARATIBU na maombi ya mwongozo. Mchango unaoonekana umekatika hovyo huenda ulikatwa na wenzake. Tazama nani alisimama, alisimama kwa jambo gani, na mzungumzaji aliipokea taarifa au aliikataa. Ukikuta mabano yanayosema maneno haya siyo taarifa rasmi za Bunge, ujue kiti, yaani anayeongoza kikao, kiliamuru maneno hayo yafutwe. Hapo video na Hansard hazitalingana, na anayenukuu lazima aseme ananukuu kipi.

Kosa kubwa la wasomaji ni kufunga faili mara mbunge anapokaa. Ruka hadi mwisho wa mjadala, Waziri anapohitimisha hoja, utafute jina lilelile tena. Mawaziri huwataja waliochangia na kujibu baadhi ya hoja zao. Pima jibu kwa mambo mawili: kiasi cha fedha na tarehe. Jibu kwamba mradi utatekelezwa "kadri fedha zitakavyopatikana" halina hata kimoja. Jibu linalotaja kiasi kilichotengwa na mwaka wa fedha unaweza kulifuatilia kwenye hotuba ya bajeti ya mwaka unaofuata, na ndiyo maana tunashauri kupakua Hansard za miaka miwili mfululizo za wizara ileile.

Sehemu tunayoipenda kuliko zote ni Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima linapokaa kama kamati kupitia makadirio ya wizara. Utaitambua kwa sababu msemaji wa kiti anaacha kuitwa SPIKA anakuwa MWENYEKITI, na Katibu anaanza kusoma mafungu ya bajeti: Fungu 46 la elimu, 49 la maji, 52 la afya, 43 la kilimo. Kwenye kifungu chenye mshahara wa Waziri, mbunge huomba ufafanuzi wa kisera. Asiporidhika, hushika shilingi, yaani hutoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara huo ili Waziri abanwe kueleza. Wenzake husimama kumuunga mkono au kumpinga, Waziri huongeza maelezo, na mwishowe mbunge hurudisha shilingi au Bunge huamua. Soma kwa makini mstari anaorudisha shilingi. Kama Waziri amesema tu kwamba amelichukua, shilingi imerudi bure. Kama ametamka ahadi yenye wakati, mbunge ametoka na kitu mkononi. Muda ukiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mfululizo bila mjadala, hivyo mbunge ambaye zamu yake haikufika haonekani popote, hata kama alijiandaa.

Kuna mambo ambayo hata mbunge hodari hawezi kuyafanya, na Hansard haitakukumbusha. Kwa Ibara ya 99 ya Katiba, muswada au hoja ya kutoza kodi au kuongeza matumizi ya Serikali haiendi mbele ila ipendekezwe na Rais kupitia Waziri. Kumlaumu mbunge kwamba "hakuleta fedha" ni kumdai asichopewa. Waziri na Naibu Waziri nao hawachangii kama wabunge wa viti vya nyuma, yaani wasio na uwaziri. Jimbo lao halitasikika kwenye maswali. Mwenyekiti wa kamati hali kadhalika: sehemu kubwa ya kazi yake imo kwenye taarifa anayoisoma kwa niaba ya kamati.

Hesabu peke yake hupotosha

Chukua mijadala ya madini. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa CHADEMA, aliwasilisha hoja binafsi akitaka iundwe Kamati Teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa London na Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi. Bunge liliikataa hoja. Kisha ikaja hoja nyingine dhidi yake mwenyewe, na akasimamishwa kuhudhuria vikao. Kwa orodha ya idadi, huyu ni mbunge aliyeshindwa kura na kisha akawa na miezi ya kimya.

Sasa soma mfululizo wa tarehe. Novemba 2007 Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akateuliwa kuwa mmoja wa wajumbe. Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya mgodi kwa Serikali, kutoka asilimia 3 hadi 4. Hatusemi hotuba moja ndiyo iliyoleta yote hayo. Tunasema anayetaka kumpima mbunge kwa sera ya madini lazima asome hoja, majibu ya Waziri, michango ya waliopinga, na baadaye mjadala wa muswada wa 2010, kwa pamoja. Hansard inakupa vipande vyote, lakini haikuunganishii hata kimoja. Kazi ya kuunganisha ni yako, na ni ya siku nzima.

Sababu za kimya pia hazimo kwenye hesabu. Tundu Lissu alishambuliwa kwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, na jina lake likatoweka kwenye mijadala hadi Spika alipotangaza Juni 2019 kwamba kiti chake cha Singida Mashariki kiko wazi. Orodha inayomweka miaka hiyo kwenye kundi la wasiochangia inamkosea mtu, na inamkosea msomaji.

Upungufu mkubwa: kura

Hapa huduma inaanguka. Maamuzi mengi hufanywa kwa sauti za Ndiyo na Siyo, na Hansard huandika tu kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Mbunge anaweza kuukosoa muswada dakika zote alizopewa, akamaliza kwa kuunga mkono hoja, nawe usijue sauti yake ilikwenda wapi. Majirani wametutangulia. Kenya, Muswada wa Fedha wa 2024 uliposomwa mara ya pili tarehe 20 Juni, kura zilikuwa 204 dhidi ya 115, na wananchi walijua mbunge gani alipiga ipi siku ileile. Uingereza, tovuti ya TheyWorkForYou, iliyoanza 2004, humpa kila mbunge ukurasa wenye hotuba zake na kura zake pamoja, na humtumia barua pepe anayetaka kujulishwa kila anaposema neno fulani. Sisi tuna maandishi bora ya Kiswahili yaliyofungiwa kwenye PDF. Kuyaweka kama kurasa za kawaida zenye kiungo kwa kila mzungumzaji si kazi isiyowezekana, na Ofisi ya Bunge ingewarahisishia sana walimu, wanahabari na wapiga kura.

Kwa sasa, mahali pa uhakika pa kuona kura ya mbunge wako kwa jina ni kikao cha kupitisha Bajeti Kuu mwishoni mwa Juni. Siku hiyo Katibu huita majina, kila mbunge hujibu mwenyewe, na majibu huingia kwenye Hansard. Pakua faili hilo la kila mwaka wa kipindi chake, kisha lisome pamoja na alichosema Aprili na Mei kwenye wizara zilizoligusa jimbo lake.