Gobore: darini juu ya moto, au sandukuni kwenye kufuli?

Nyumba nyingi za zamani huku kwetu Lindi na Newala, gobore la babu, yaani bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, lilikaa darini juu ya jiko. Sababu ilikuwepo: moshi hufukuza wadudu na joto hukausha. Ila kitako cha mbao hukauka mpaka kikapasuka, masizi hukamata chuma, na mtoto akipanda kinu tu ameshalifikia. Tena baruti juu ya moto! Hilo silikubali hata kidogo.

Sanduku lenye kufuli linazuia watoto na wezi. Kasoro yake ni unyevu, hasa Mikindani na mwambao wote, ambako upepo wa bahari una chumvi. Usilifunge gobore kwa kitambaa kibichi wala kulilaza kwenye ala ya ngozi. Lipake mafuta ya cherehani, na kila mwezi ulitoe ulikague.

Lakini sanduku halisaidii kama mtutu ni mchafu. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya maji hewani, na kutu huanza upesi. Siku ileile ya kupiga, osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha kabisa, ndipo upake mafuta.

Kabla ya yote, ondoa fataki (kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti), kisha tumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, taratibu, uso wako ukiwa mbali na mdomo wa mtutu. Mdeki ukikwama kabla ya kufika mwisho wa mtutu, kuna kitu ndani: mpelekee fundi anayeruhusiwa. Baruti na fataki zikae mbalimbali, mbali na silaha. Mimi nachagua sanduku, na leseni iwe hai.