Mbegu za Rheum palmatum: nyota nne, na nyota ya tano nimeizuia kwa sababu

Mimi mkulima wa bustani hapa Fife, Uskoti, na asili yangu Lushoto. Kiwanja changu cha kukodi kiko kando ya mfereji usiokauka hata Julai, na kwa muda mrefu nilikuwa natafuta mmea mkubwa wa kujaza ukingo ule. Nikaagiza pakiti ya mbegu za Rheum palmatum kwa muuzaji mdogo wa mtandaoni, kwa pauni tatu. Huyu ni rubabi wa porini kutoka milima ya magharibi ya China, ndugu wa ile rubabi yenye vikonyo vyekundu vichachu ambavyo Waingereza hupikia pai.

Mbegu zenyewe nazisifu bila kusita. Zilikuwa pana, kavu, za rangi ya kahawia, kila moja na mabawa yake matatu yakiwa hayajavunjika. Nilizipanda Machi kwenye vyungu vidogo, mboji iliyochanganywa na changarawe, nikazifunika kwa udongo kina cha sentimeta moja, nikaziweka kwenye banda la kioo lisilo na joto la umeme. Hazikuchukua hata mwezi, karibu zote zikachomoza. Mbegu mpya za mmea huu hazina ukaidi. Kinachohitaji jicho ni konokono na koa, maana majani machanga wanayamaliza usiku mmoja.

Sasa nije kwenye ile nyota niliyoizuia. Picha ya pakiti inaonyesha jani lililochanwa kwa kina kama kiganja kilichotanuliwa, na upande wa chini zambarau inayowaka. Miche yangu haikufanana. Mingine ilitoka hivyo hasa, mingine ikawa na majani ya mviringo ya kijani tupu. Sababu ni kwamba rubabi za aina mbalimbali zikipandwa jirani huchavushana kwa urahisi sana, na mbegu iliyovunwa bustanini huenda ikawa chotara. Muuzaji alipaswa kuandika hilo kwenye pakiti. Mnunuzi akijua, anapanda mingi, anasubiri majani matatu manne, kisha anabakiza ile yenye wekundu mkali na kugawa iliyobaki.

Mahali pa kuuhamishia mche ndipo penye kazi. Mzizi wake ni mnene na huenda chini mbali, kwa hiyo chimba shimo refu na uchanganye samadi iliyooza vizuri. Unataka unyevu wakati wote wa kiangazi, lakini maji yakituama kwenye kitako chake wakati wa baridi, kitako kinaoza. Ndiyo maana niliupanda juu kidogo ya mfereji, si ndani ya tope. Acha nafasi ya mita mbili pande zote. Pakiti imesema "nafasi ya kutosha", maneno yasiyomsaidia mtu yeyote mwenye kiwanja kidogo. Usiuhamishe hamishe, ukitaka kuugawa, fanya mwanzoni mwa masika, kila kipande kiwe na chipukizi lake.

Lakini ukishatulia! Aprili chipukizi hutoka jekundu kama damu, halafu majani yanatanuka mpaka upana unaozidi mikono yangu kuukumbatia. Mmea ukishapevuka, mapema kiangazi bua la maua hupanda kupita kimo cha mtu mrefu, na vishada vyake vyekundu vyeusi nyuki wanavizunguka. Baridi ikija mmea wote hufa juu ya ardhi na kulala. Usiung'oe, uko hai. Walio Dar au Mombasa nawashauri wasihangaike nao, joto la pwani haliupi usingizi huo.

Nchi hii inaujua mmea huu tangu zamani. Daktari James Mounsey, Mskoti aliyekuwa akihudumu kwa watawala wa Urusi, alirudi na mbegu mwaka 1762, na Profesa John Hope akaziotesha katika bustani ya mimea ya Edinburgh. Walichokitaka ni mzizi, dawa ya kulainisha choo iliyonunuliwa ghali kupitia Urusi. Wachina huuita dahuang na huutumia hadi leo. Hiyo si ruhusa ya kuchimba na kuchemsha mwenyewe: mzizi huo una nguvu, na majani yana asidi ya oksaliki yenye sumu. Mimi sili hata vikonyo vyake. Kwa pai nina rubabi ya kawaida upande wa pili.

Nitanunua tena? Kwa bei hiyo, ndiyo, kwa mtu mwenye nafasi na subira. Asiyetaka kubahatisha rangi anunue mche uliogawanywa wa 'Atrosanguineum', aina ya mmea huuhuu iliyochaguliwa kwa wekundu wake, ingawa bei ni kubwa zaidi. Na ukiagiza mbegu, muulize muuzaji zilivunwa mwaka gani, kwa sababu zilizokaa sana huota chache.