Kromatografia ya nano mbele ya spektrometa ya masi: tathmini ya mtumiaji

Mfumo ninaoutathmini hapa, ambao hutenganisha molekuli za sampuli kwa kuzipitisha ndani ya mrija mwembamba (kromatografia) kisha huzipima masi (spektrometa ya masi), ni wa aina ambayo sasa hutolewa na watengenezaji kadhaa: pampu inayosukuma kiyeyushi kwa mwendo wa nanolita 300 kwa dakika, kichukua sampuli chenye vali ya shinikizo kubwa, kolamu (mrija wa kutenganishia) ya silika yenye kipenyo cha ndani cha mikromita 75 na urefu wa sentimita 25, tanuri dogo la kuipasha moto kolamu hiyo, na ncha ya kunyunyizia inayoelekezwa kwenye mdomo wa spektrometa ya masi ya aina ya Orbitrap, inayopima masi kwa usahihi mkubwa. Nimeutumia kwa kazi mbili, yaani kuchambua protini zilizokatwa kuwa peptidi, na kupima dawa pamoja na metaboliti zake (molekuli ambazo mwili huzitengeneza kutoka kwa dawa) katika plazima ya damu. Hukumu yangu juu ya kazi hizo mbili hailingani, na ningependa anayefikiria kuununua, au kulipia huduma ya maabara inayoutumia, azijue sababu kabla hajaweka saini.

Kwa protini, mfumo huu unastahili sifa zake. Protini haiwezi kurudufishwa maabara kama DNA inavyorudufishwa. Kilichomo ndani ya sampuli ndicho hicho hicho, na seli moja ya mamalia ina takriban pikogramu 200 tu za protini zote kwa jumla. Kinachobaki kwa mchambuzi ni kuhakikisha kwamba hicho kidogo kinafika kwenye kipimaji kikiwa kimekolea. Hapo ndipo wembamba wa kolamu unapofanya kazi yake. Kiasi kile kile cha peptidi kikipitishwa katika kolamu ya kawaida yenye kipenyo cha milimita 4.6 hutawanyika ndani ya kimiminika kingi, ilhali kikipitishwa katika mrija wa mikromita 75 hutoka kikiwa kimekolea zaidi ya mara 3,700, kwa hesabu ya mraba wa uwiano wa vipenyo hivyo viwili. Kwa kuwa spektrometa inayolishwa kwa mnyunyizo wa umeme huitikia zaidi ukolezi kuliko jumla ya kiasi kinachopita, faida hiyo huonekana moja kwa moja katika urefu wa vilele, yaani michomozo ya ishara kwenye grafu ya kipimaji. Matumizi halisi hayatoi yote yanayoahidiwa na hesabu, maana peptidi nyingi hupotea njiani kwa kunata kwenye kuta za vichupa na mirija, lakini kinachobaki kinatosha kuona protini ambazo kolamu pana haikuwahi kutuonyesha kutoka kwa sampuli ile ile.

Sababu ya pili ya ubora huo iko kwenye ncha. Mnyunyizo wa umeme, uliompatia John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2002, hugeuza kimiminika kuwa vitone vyenye chaji ambavyo hukauka na kuziacha molekuli zikiwa ioni hewani. Katikati ya miaka ya 1990, Matthias Wilm na Matthias Mann, wakifanya kazi Heidelberg, walionyesha kwamba mwendo wa kimiminika ukishushwa hadi makumi machache ya nanolita kwa dakika, vitone huzaliwa vikiwa vidogo mno tangu mwanzo, havihitaji kukauka kwa muda mrefu, na sehemu kubwa zaidi ya molekuli huingia ndani ya kifaa. Kwa nanolita 300 hatufiki kwenye upeo huo, lakini tumeukaribia kuliko mfumo wowote wa kawaida. Volti zipatazo 2,000 hutosha kuwasha mnyunyizo, nao hutulia vizuri ncha ikiwa safi na ikiwa imewekwa milimita chache tu kutoka kwenye mdomo wa spektrometa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vipeperushi vya wauzaji hulipitia haraka, nalo ndilo linaloamua kama mfumo wa nano utakuwa chombo cha kazi au chanzo cha usumbufu: viungio. Chukua kiungio kimoja cha mrija wenye kipenyo cha nje cha mikromita 360, ambacho hakikukazwa hadi mwisho, kikaacha mwanya wa sehemu mbili za kumi za milimita. Mwanya huo hubeba takriban nanolita 20. Katika mfumo wa kawaida unaosukuma mililita moja kwa dakika, nafasi hiyo hupitwa kwa muda unaozidi kidogo sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hakuna atakayeitambua. Katika mfumo huu hupitwa kwa sekunde nne, na kilele cha peptidi ambacho kingekuwa na upana wa sekunde kumi hupanuka, hufupika na kuacha mkia. Uchambuzi mzima huharibika kwa kosa ambalo jicho haliwezi kuliona. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ninaloliangalia katika mfumo wowote wa nano ni idadi ya viungio kati ya vali na ncha, na ni vingapi kati yake ambavyo mtumiaji analazimika kuvikaza kwa mkono wake mwenyewe.

Mfumo tuliokuwa nao mwanzoni ulikuwa na kolamu na ncha zilizotengana, na mrija wa kuviunganisha ulipaswa kukatwa kwa kisu cha kauri. Mkato uliopinda kidogo, au chembe moja ya silika iliyobaki mdomoni mwa mrija, ilitosha kuziba ncha. Kolamu tunayotumia sasa ina ncha yake humo humo, na viungio vyake hukazwa kwa vidole hadi vinapogota. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba nisingemshauri mtu kurudi kwenye mpangilio wa zamani kwa ajili ya kuokoa fedha. Gharama yake ni kwamba ncha ikiharibika kolamu nzima hutupwa, hata kama chembe zake za C18 (silika iliyofunikwa minyororo ya kaboni 18, inayoshika peptidi) bado ni nzima. Nimekubali hasara hiyo kwa moyo mweupe.

Uvumilivu unahitajika pia kwa upande wa muda. Sampuli ya mikrolita mbili ikipakiwa moja kwa moja kwenye kolamu kwa nanolita 300 kwa dakika huchukua karibu dakika saba kabla uchambuzi wenyewe haujaanza. Watengenezaji hulitatua hilo kwa namna mbili: ama kwa kupakia kwa shinikizo kubwa, ambalo kolamu zenye chembe za chini ya mikromita mbili huhitaji hata hivyo, au kwa kuweka mbele kolamu fupi ya kunasia, inayopokea sampuli kwa mwendo wa kasi na kuosha chumvi kabla ya kuzielekeza peptidi kwenye kolamu kuu. Ninapendelea ya pili kwa sampuli zenye uchafu, kwa kuwa uhai wa kolamu kuu huongezeka, ingawa peptidi zisizoshika vizuri C18 hupotea pamoja na maji ya kuoshea. Kwa sampuli safi na adimu, kupakia moja kwa moja ni bora.

Usikivu mkubwa una upande wake mwingine, kwani kifaa kinachoona pikogramu za peptidi huona pia kila kitu ambacho hukukitaka. Keratini ya ngozi na nywele hujitokeza katika kila orodha ya protini pale ambapo maandalizi hayakufanywa kwa uangalifu. Sabuni na plastiki za aina ya polietilini glikoli huacha safu ya vilele vilivyopishana kwa daltoni 44 (daltoni ni kizio cha masi, karibu sawa na atomu moja ya hidrojeni), na safu hiyo ikishaingia kwenye kolamu hukaa kwa muda mrefu. Hata hewa ya chumba hutoa silikoni, ambayo ioni yake yenye uwiano wa masi kwa chaji wa 445.12 huonekana daima. Hiyo angalau ina manufaa, kwa sababu wengi huitumia kama alama ya kusahihishia kipimo cha masi wakati kifaa kinaendelea kufanya kazi. Maji, asetonitrili na asidi ya fomiki visipokuwa vya daraja lililoandaliwa kwa ajili ya spektrometa, fedha zilizotumika kwenye mfumo zimepotea bure. Faraja ni kwamba matumizi ya viyeyushi ni madogo ajabu: kwa mwendo wa nanolita 300, siku nzima ya saa 24 humaliza mililita 0.43 tu kwenye kolamu, wakati mfumo wa kawaida wa mililita moja kwa dakika ungemaliza karibu lita moja na nusu.

Kwa upande wa dawa, sauti yangu inabadilika. Anayepima dawa katika plazima kwa kawaida hakosi sampuli. Anachokosa ni muda, na anachodaiwa ni jibu linalorudi vile vile leo, kesho na baada ya sampuli mia kadhaa. Mfumo wa nano haukutupa hilo. Muda wa kila dawa kutoka kwenye kolamu ulihama kadiri kolamu ilivyochakaa, fosfolipidi (aina ya mafuta) za plazima zilijikusanya taratibu, na dawa zenye mafuta mengi ziliacha mabaki yaliyoonekana katika sampuli tupu (isiyo na dawa) iliyofuata. Kuongeza dawa ile ile iliyowekewa deuteri au kaboni 13 (aina nzito za hidrojeni na kaboni), kama kipimo cha kulinganishia, husahihisha sehemu kubwa ya mabadiliko ya ishara, lakini hakusafishi mabaki wala hakurudishi dakika zilizopotea kati ya sampuli moja na nyingine.

Kwa kazi hiyo ninapendekeza ngazi ya kati, yaani kolamu ya milimita 0.3 inayosukumwa kwa takriban mikrolita tano kwa dakika. Ukolezi wake bado unazidi ule wa kolamu ya milimita 2.1 mara 49 kwa hesabu, sampuli ya mikrolita mbili hupakiwa kwa sekunde 24, na kiungio chenye kasoro ndogo hakiharibu kazi ya siku nzima. Ukiiweka mbele ya spektrometa ya kwadrupoli tatu, inayochuja ioni kwa masi ili kupima kiasi cha molekuli zilizochaguliwa, unapata mfumo ambao mtaalamu wa kawaida wa maabara anaweza kuuendesha bila kuitwa usiku. Nashangaa kwamba wauzaji wengi hawauelekezi mkazo wao huko, kwa sababu maabara nyingi za dawa zingefaidika nao kuliko na nano.

Katika ngazi yoyote ile, utenganishaji usipuuzwe kwa imani kwamba spektrometa itamaliza kila kitu. Mofini ni mfano ulio wazi. Mwili huigeuza kuwa glukuronidi mbili (mofini iliyounganishwa na asidi itokanayo na sukari, kila moja katika nafasi yake kwenye molekuli) zenye masi ile ile kabisa, ya daltoni 461. Ile ya nafasi ya 6 hutuliza maumivu kwa nguvu, na ile ya nafasi ya 3 haitulizi. Kifaa kinachopima masi peke yake hakiwezi kuzitofautisha. Zaidi ya hapo, glukuronidi hizo huweza kuvunjika ndani ya chanzo cha ioni na kujitokeza kama mofini yenyewe, hivyo kolamu isipozitenga mapema kiwango cha mofini kitasomeka juu kuliko kilivyo. Nimeona taarifa za huduma ambazo hazionyeshi hata picha ya vilele, zikitoa tarakimu tupu. Taarifa ya namna hiyo ningeirudisha.

Kuna hali moja ambamo nano hurejesha heshima yake kwenye dawa, nayo ni pale damu yenyewe inapokuwa adimu. Panya mdogo wa maabara mwenye gramu 25 ana damu isiyofikia mililita mbili mwilini mwake. Mfumo unaotosheka na mikrolita chache humwezesha mtafiti kufuatilia dawa kwa saa kadhaa katika mnyama mmoja, badala ya kumtumia mnyama mwingine kwa kila saa, na matokeo huwa bora kwa kuwa tofauti za mnyama na mnyama zimeondoka. Hapo ningevumilia kasoro zote nilizozitaja.

Wanaoshughulika na protini nzima, hususan kingamwili za tiba zenye takriban daltoni 150,000, wasiishie kwenye kolamu. Elektroforesisi ya kapilari, ambayo James Jorgenson na Krynn Lukacs waliionyesha mwaka 1981 kwa mirija ya kioo ya mikromita 75, hutumia umeme kutenganisha kwa chaji na ukubwa bila chembe zozote ndani ya mrija. Asparajini moja katika kingamwili ikipoteza amidi, masi huongezeka kwa daltoni 0.98 tu, badiliko ambalo karibu haliwezekani kuonekana kwenye molekuli kubwa hivyo. Chaji hata hivyo hubadilika kwa moja, na elektroforesisi hulitambua. Siku hizi kuna vibamba vya kioo vyenye mfereji wa kutenganishia na ncha ya kunyunyizia vikiwa kitu kimoja, na jaribio letu kwa kibamba cha namna hiyo lilitoa aina za chaji za kingamwili kwa dakika chache, kila moja ikiwa na masi yake. Udhaifu wake ni kiasi kidogo mno cha sampuli kinachoingia, nanolita chache, hivyo sampuli yenyewe lazima iwe imekolea tangu mwanzo.

Anayekwenda kuona mfumo kwa muuzaji asiridhike na peptidi safi za maonyesho, ambazo hutoa vilele vizuri kwenye kifaa chochote kipya. Abebe sampuli yake chafu kuliko zote, aombe ipimwe mara nyingi mfululizo, aweke sampuli tupu baada ya ile iliyokolea zaidi, na aangalie muda wa kutoka wa peptidi zile zile mwanzoni na mwishoni. Kisha aombe kolamu ibadilishwe mbele yake na mtu ambaye si fundi wa kampuni, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo atakayoirudia kwa miaka yote atakayoumiliki mfumo huo.