TAHADHARI: Chensoo za mtumba "zilizofunguliwa eksozi"

Ukikuta tangazo la Husqvarna 372 XP au Stihl MS 381 ya mtumba limeandikwa "eksozi imefunguliwa, kabureta imesetiwa, nguvu mara mbili", usitume advansi. Hiyo mara mbili haipo. Eksozi ikifunguliwa vizuri nguvu huongezeka kiasi, na utaiona kwenye gogo nene, lakini mashine ya cc 70 haigeuki 140 kwa tundu la drili.

Mchezo uko hivi. Eksozi ikitobolewa, moshi unatoka kirahisi na silinda inavuta hewa zaidi. Hapo sikrubu ya H, ile ya kabureta inayopima petroli kwenye resi ya juu, inatakiwa ifunguliwe, mara nyingi 1/8 hadi 1/4 ya raundi kinyume cha saa, ili petroli ilingane na hewa. Muuzaji haigusi, au anaikaza zaidi, maana mashine yenye njaa ya petroli inapiga resi kali, inalia nyembamba, na mnunuzi anachekelea. Kumbe petroli ndiyo inayobeba oili. Ikipungua, pistoni inapata moto na kukauka kwa pamoja, inachubuka upande wa eksozi, na baada ya siku chache za kupasua mbao inanoki, yaani inakwama kwenye silinda. Ukirudi kulalamika utaambiwa ulichanganya oili vibaya.

Kabla ya kulipa, ng'oa eksozi. Ni boliti chache tu, na anayekataa amekwishakujibu. Mulika tochi kwenye tundu la silinda huku ukivuta kamba taratibu. Ukiona mistari ya wima kwenye pistoni, inayoshikika kwa ncha ya msumari, achana nayo. Tazama pia eksozi yenyewe: chembe za chuma zilizobaki ndani zinaweza kurudi kwenye silinda, na tundu lililoelekezwa kwenye plastiki au tenki litaviyeyusha. Wavu wa kuzuia cheche wengi wanautupa. Kwenye misonobari kama ya shamba la miti la Sao Hill, wakati wa kiangazi, huo ni moto unaosubiri upepo.

Kompresheni ipimwe plagi ikiwa imetolewa na silinda ikiwa kavu. Psi 150 ni nzuri. Chini ya 120 imechoka. Kuna wanaomimina oili kidogo kwenye tundu la plagi ili geji ipande, kwa hiyo plagi ikitoka inachuruzika oili, piga resi kwanza dakika chache ndipo upime.

Mashine ikishapata moto, vuta mafuta yote hewani, bila kugusa mti. Iliyosetiwa vizuri inakatakata sauti kidogo, kama imebanwa koo, kisha inanyooka ikiingia kwenye mti. Inayolia laini kama filimbi hewani ina petroli kidogo. Ukiwa na kipima resi, kiwango cha juu cha 372 XP ni mizunguko 13,500 kwa dakika. Inayopita hapo muachie mwenyewe. Ukiachia mafuta resi ishuke mara moja. Ikining'inia juu, mara nyingi kuna hewa inaingia kwenye sili za krenki au mpira wa kabureta, na hilo haliponi kwa bisibisi.

Uongo mwingine: "nimeseti kabureta" ya Stihl MS 261 C-M au Husqvarna 550 XP. Hizo hujiseti zenyewe, hazina sikrubu za H na L (ya resi ya chini). Na anayekushauri uongeze oili badala ya kufungua H anakumaliza, kwani oili inachukua nafasi ya petroli, na njaa inazidi. Kwa 50:1, yaani petroli 50 kwa oili 1, ml 20 za oili kwa lita ya petroli zinatosha, mradi oili ni ya mashine za 2T (mipigo miwili).

Kama umeshainunua, usipasue nayo. Fungua H robo raundi, iwashe ipate moto, kisha ikaze kidogo kidogo mpaka ule mkatokato uishe ndani ya mti tu, huku hewani ukibaki.