Walzi za Ernesto Nazareth kwa piano: usinunue kitabu kabla hujatazama hii

Jamani, karibuni tena. Leo ninacho kitabu hiki cha nota za piano, walzi (muziki wa dansi wa mapigo matatu) za mtunzi Mbrazili Ernesto Nazareth, na kimeniudhi kweli. Lakini msiondoke, maana muziki uliomo humu ni mtamu balaa.

Ukitaja walzi, wengi wanamkumbuka mtunzi Strauss wa Vienna, basi. Nazareth yeye ni wa Rio de Janeiro, kazaliwa 1863. Piano alianza kufundishwa na mama yake, na mama akafariki kijana ana miaka 10. Alipofika 14 akatunga polka, muziki wa dansi wa haraka. Ukubwani alikuwa akipiga piano kwenye sinema ya Odeon, pale wateja wanaposubiri filamu, na wapo waliokwenda kwa ajili yake kuliko filamu yenyewe. Watu wanamjua kwa tango zake za Kibrazili, dansi nyingine hiyo. Walzi, ambazo ni zaidi ya 40, zimebaki kando, na mimi naona ni dhuluma.

Sasa tazameni hapa. Kamera ishuke kwenye mkono wa kushoto. Hii ni "Eponina". Moja, besi, nota ya chini. Mbili, tatu, kodi, yaani nota kadhaa kwa pamoja. Moja, mbili, tatu. Rahisi, siyo? Sasa sikilizeni nikipiga zote tatu kwa nguvu sawa... Mmesikia? Kama watu wanaandamana. Narudia: besi naiwekea uzito kidogo, halafu mbili na tatu vidole vinagusa tu, haviparamii. Na pedali naikanyaga pamoja na besi, naiachia kabla ya besi inayofuata. Hapo hapo wimbo wa mkono wa kulia unapata nafasi ya kuchelewa kidogo, kuvuta, kisha kurudi kwenye mwendo. Nazareth alimpenda sana Chopin, mtunzi wa piano, na hapa ndipo unapomsikia Chopin. Wanaoita muziki huu mwepesi wanatazama wingi wa nota tu. Waje wapige huu mkono wa kushoto.

Wapiga kinanda wa kwaya, nawajua, mtawasha mdundo wa walzi wa kwenye mashine. Zimeni, tafadhali! Ule mdundo haumsubiri mtu, na walzi hii inaishi kwa kusubiriwa. Na kama kinanda chako ni cha funguo 61, kuna besi humu zinashuka chini ya ufunguo wako wa mwisho. Ukizipandisha oktavu moja, yaani hadi nota ya jina lile lile juu yake, zinabanana na kodi, hewa yote inaisha. Nimeulizwa sana kuhusu vinanda vya funguo 88 vya bei nafuu. Video hiyo inakuja, nasubiri kinanda kimoja cha kuazima. Bonyezeni kengele.

Haya, kinachoniudhi. Muundo wa Nazareth ni huu: sehemu ya kwanza, ya pili, unarudi ya kwanza, ya tatu, unarudi tena ya kwanza. Mchapishaji huyu kaweka sehemu ya kwanza nyuma ya karatasi! Tazama: nimemaliza ya pili, mikono yote ina kazi, natakiwa nifunue kurudi nyuma. Nikifunua, kitabu kinajifunga, kwa sababu kimegandishwa kwa gundi, hakijashonwa. Ukikikandamiza kilale, kurasa zinachomoka. Hii hapa, imechomoka.

Shilingi 85,000, na usafirishaji juu! Chapa inasomeka vizuri, namba za vidole zinasaidia, sikatai. Ila kwa pesa hiyo, hapana.

Na Nazareth alifariki 1934. Hakimiliki yake imeshaisha, Brazil na hapa kwetu, kwa hiyo nota za matoleo ya zamani unazipata mtandaoni bure na kihalali. Chapa upande mmoja wa karatasi, bandika kurasa zote za wimbo zikae sambamba mbele yako. Kufunua kumekwisha. Kama umezoea solfa tu, yaani do-re-mi, usiogope. Jumamosi saa mbili usiku nitakuwa mubashara, tutaandika sehemu ya kwanza ya walzi yake "Coração que sente" kwa solfa, mstari kwa mstari.

Mwalimu mwenye wanafunzi wengi, labda, atazifurahia hizi namba za vidole. Wengine wote, hiyo 85,000 nunueni pedali. Sasa nawapigia "Eponina" yote, bila kuongea.